Rangi ya Buluu na Sauti ya Mama Paskazia

Jumanne, 7 Septemba 1982

Buluu tena. Sista Coletha aliinua kichupa dirishani, akakigeuza huku na huku, akasema hongera sana Bwana Leodgar, sukari hakuna hata chembe. Mara ya saba mfululizo. Wagonjwa wenzangu wakanipigia makofi. Nikatabasamu. Moyoni nilitaka kulia.

Nieleze, maana huenda siku moja wajukuu wakasoma haya. Nina kisukari mwaka wa nne sasa. Kila Jumanne na Ijumaa sisi wenye maradhi yasiyopona tunafika zahanati ya parokia na mkojo wetu kwenye chupa. Sista anadondosha matone machache ndani ya dawa ya buluu, anachemsha juu ya kibatari cha spiriti. Ikibaki buluu, uko salama. Kijani, jihadhari. Njano, kuna kitu unaficha. Nyekundu ya tofali, umejitakia mwenyewe. Saa nne kamili anawasha simu ya upepo na kuongea na daktari wa hospitali kubwa, Shinyanga mjini, karibu kilometa mia mbili kutoka hapa Ushirombo. Simu inakula betri ya lori, na betri inachajiwa mara moja tu kwa wiki. Kwa hiyo Sista ameweka sheria. Wa buluu husomwa namba tu. Wenye hali mbaya ndio wanaoitwa kwenye kipaza sauti, waulizwe wenyewe.

Na anayepokea simu kule Shinyanga ni mke wangu.

Anisia. Mama Paskazia, kwa jina la binti yetu aliye shule ya bweni. Aliondoka Aprili, siku aliyokuta maandazi yangu sita ndani ya kabati la vitabu vya ubatizo. Mimi ni karani wa parokia; kabati lile nililiamini. Hakupiga kelele. Alisema amechoka kumuuguza mtu anayemficha ugonjwa wake, akapanga nguo, akaenda kwa dada yake, mtaa wa Ngokolo, Shinyanga. Juni akapata kazi ya simu hospitalini. Nimemwandikia barua tatu. Jibu limekuja moja, mstari mmoja: maneno yangu ameyasoma miaka kumi na sita, sasa anataka kusoma rangi.

Basi nikampa rangi. Na malipo yake? Sista anasoma: namba kumi na nne, buluu. Kule Shinyanga sauti yake inajibu: nimeandika. Neno moja, na wala siambiwi mimi.

Leo Mzee Mihayo, mwenye presha, alipewa dakika tatu nzima. Yule mzee hasikii la mtu kuhusu chumvi. Anaingia na fimbo yake ya kuchungia, anapaza salamu ya Kisukuma, mwangaluka, hadi bati linatikisika, na mke wangu anacheka! Anamuuliza habari za ng'ombe. Nilisikia mpaka hapo, nimesimama nje na chupa yangu tupu, halafu Sista akaniona na kufunga dirisha. Ng'ombe! Mwanamke huyu alikuwa anaogopa hata ndama.

Jumatano, 8 Septemba

Nimepata wazo. Ni rahisi mno, nashangaa sikulifikiria tangu Juni. Wa buluu hawasikilizwi. Basi nisiwe wa buluu. Mara moja tu. Rangi ya njano hivi, isiyotisha watu, inayotosha dakika mbili.

Tatizo ni sukari yenyewe. Nchi nzima haina. Nilikwenda kwa balozi wa nyumba kumi kuomba kilo moja ya mgawo. Akaniambia sukari iliyobaki ni ya misiba. Akauliza nani amefariki. Nikasema hakuna bado. Akanikumbusha kuwa mimi nina kisukari, akatazama pembeni, akasema atasahau kwamba nimekuja.

Mwenye kisukari pekee wilaya nzima anayehangaika kutafuta sukari ni mimi.

Jioni nikamkumbuka Januari, mrina asali. Anataka kuoa na cheti chake cha ubatizo hakionekani. Nikamwambia kazi ya kupekua vitabu ni ngumu, vumbi, panya. Akaelewa. Kesho analeta kibuyu.

Jumamosi, 11 Septemba

Sikuandika siku mbili kwa sababu ya furaha. Sasa kwa utaratibu.

Alhamisi Januari alileta asali ya nyuki wakubwa, nyeusi, inanukia moshi. Nilipanga vijiko vitatu. Nilikunywa vikombe viwili. Nikashushia michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kwa karanga, maana niliona kama kazi inafanywa ifanywe vizuri. Miezi mitano sijaonja kitu kitamu. Nililia kidogo, nakiri. Kisha nikanywa maji ndoo nzima.

Jana Ijumaa kichupa kikageuka. Kijani. Njano. Kikatulia kwenye rangi ya chungwa. Sista akachemsha cha pili, akapata kilekile. Akaniuliza nimekula nini. Nikamwambia nilihudhuria msiba. Akaniita ndani.

Sista mwenyewe hushika kitufe cha kipaza sauti, anakusogezea mdomoni, wewe unasema tu. Nikasikia mikoromo, miluzi, halafu ile sauti. Kituo cha Tano, nakupata vizuri, mlete mgonjwa, ova. Akauliza kwa niaba ya daktari: namba kumi na nne, unakojoa mara nyingi? Nikasema ndiyo. Una kiu? Nikasema sana. Umekula nini? Nikarudia habari ya msiba. Akauliza msiba wa nani. Nikasema wa mbali. Vituo vyote kutoka Isaka mpaka kwenye migodi ya Geita vinasikia, ndivyo simu hii ilivyo, na mtu fulani huko akacheka waziwazi.

Halafu akasema, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba daktari amesikitika. Akasema na wengine wamesikitika.

Dakika mbili na nusu! Nilihesabu kwa saa ya ukutani. Nimerudi nyumbani natembea roho kwatu. Nimeyarudia maneno yale mpaka yameanza kuchakaa.

Jumapili, 12 Septemba

Baada ya misa Mzee Mihayo alinifuata uwanjani. Nikamsalimu shikamoo kwa baridi, akaitikia marahaba kwa furaha, yeye hajui baridi. Akasema Ijumaa alingoja zamu yake muda mrefu kwa sababu yangu. Akasema mwanamke yule wa simu ana roho nzuri sana. Nikamwambia najua, ni mke wangu. Akasema anajua, ndiyo maana anasema. Akatabasamu na meno yake yote mawili.

Kijicho kilinipanda. Kama ni dakika, atazikosa. Rangi ya chungwa ilinipa mbili na nusu. Nyekundu itatoa ngapi?

Jumanne, 14 Septemba

Nyekundu ya tofali! Kichupa kizima!

Sista alishika msalaba wake. Hakuniuliza kitu, alinivuta mkono mpaka kwenye simu na kuwaruka watu wote, Mihayo akiwemo. Mihayo akasimama kunipisha. Nikapita kifua mbele.

Sista akasoma rangi. Nikadhani betri imekufa. Kisha Anisia akaniita, si namba kumi na nne, si mgonjwa. Alisema: Baba Paskazia, unafanya nini?

Miezi mitano! Jina langu, mdomoni mwake! Nilijibu nini sikumbuki. Nadhani nilisema sijambo. Daktari mwenyewe akachukua simu, akaongeza vidonge, akaonya kuhusu macho, figo, na miguu zaidi ya yote. Akasema nivae viatu na nikague nyayo kila siku. Nikaitikia ndiyo daktari, ndiyo daktari, huku nikisikiliza kama Anisia anapumua nyuma yake.

Dakika sita.

Mchana ofisini herufi zilicheza. Nimeandika ubatizo wa mtoto mmoja na kumtaja mtoto kuwa mama yake wa ubatizo. Nimekwenda chooni mara tisa kabla ya kengele ya saa sita. Sijali. Baba Paskazia, unafanya nini. Hata kwa hasira anaita vizuri.

Alhamisi, 16 Septemba

Sista alikuja ofisini kuchukua cheti. Akasimama mlangoni akitazama sakafu. Akaniuliza damu ile ni ya nani. Nikatazama. Kulikuwa na alama za mguu kutoka mlangoni hadi kwenye kiti. Nikasema kuna mtu ameumia. Akasema ndiyo, ni wewe.

Msumari ulikuwa umetokeza ndani ya kiatu changu cha kushoto. Umetoboa kidole gumba. Sijui tangu lini. Sikusikia maumivu hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha Sista. Alikiosha, akakifunga, akanieleza kwa upole kwamba mguu usiohisi hauwezi kujitetea. Akasema amewahi kuona kidole kama hiki kikimaliza mguu mpaka gotini, kisha kikammaliza mwenye mguu. Akauliza tena nimekuwa nikila nini. Nikasema mawazo.

Kibuyu kiko chini ya kitanda. Kimebaki robo. Leo sikukigusa. Kesho sijui.

Ijumaa, 17 Septemba

Niandike kwanza, nifikiri baadaye.

Rangi ilikuwa njano iliyokoza. Nikaitwa. Sista akaripoti rangi, akaripoti na kidole. Anisia akaandika. Halafu akaomba kwa adabu, mbele ya vituo vyote, ruhusa ya kusema jambo lisilo la kazi. Hakuna aliyekataa. Hata wale wa mgodini walinyamaza.

Akasema hivi. Alipoondoka Aprili alijiwekea hesabu moyoni. Buluu nane mfululizo, angerudi. Hakumwambia mtu ila Sista, kwa sababu alitaka kuona kama nitaweza bila kuahidiwa kitu. Nilipofikisha sita aliomba likizo. Nilipofikisha saba akapewa waranti ya treni, Shinyanga hadi Isaka, na dereva wa lori la pamba alikwisha kubali kumbeba kutoka pale. Angepanda Jumamosi tarehe kumi na moja. Ilibaki buluu moja, ya Ijumaa tarehe kumi.

Tarehe kumi! Ile chungwa yangu!

Akasema Ijumaa ile alijiambia ni msiba kweli, akasogeza safari. Jumanne aliposikia tofali hakuwa na la kujiambia. Jana likizo yake amepewa mwenzake. Nyingine ni Desemba. Akasema hana hasira. Akasema amechoka tu, na usiku anaota anapokea simu ya kuambiwa amekuwa mjane, na lazima aandike kwenye daftari. Ova.

Sista akanitazama. Macho yake yalikuwa mekundu. Akanipa kipaza sauti mkononi, akatoka na kufunga mlango, ili niwe peke yangu na mke wangu. Utu gani ule.

Nikasema yote. Asali, Januari, kibuyu. Nilisema sikuwa na njaa ya utamu, nilikuwa na njaa yake. Nikasema nyumba ina viti vinne na mimi nakaa kwenye kile cha kwake. Nikasema natandika kitanda kila asubuhi upande wake tu, kwa sababu upande wangu hauna maana. Nimeoa miaka kumi na sita na sijawahi kusema vizuri namna ile. Nilikuwa fasaha. Machozi yananitoka, nayaachia.

Nikamaliza. Nikasikia mikoromo, kisha yeye: Kituo cha Tano, sikupati. Kituo cha Tano, Kituo cha Tano, upo? Sikupati.

Kitufe. Sikubonyeza kitufe. Siku zote anakibonyeza Sista.

Nikaanza kukitafuta, macho yenyewe yananichezea, na nilipokishika alikuwa amesema mara ya tatu kwamba hanipati. Akasubiri kidogo. Akasema basi. Akamwita Isaka.

Jumamosi, 18 Septemba

Nimempelekea Sista kibuyu mwenyewe, nikamweleza yote, hata habari ya kitufe. Amekimwaga shimoni mbele yangu, na mimi nilitazama. Januari nimempa cheti chake, nimemwomba radhi kuhusu panya. Akauliza kama bado nahitaji asali. Nikasema hapana kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Alasiri Mzee Mihayo alikuja na kibuyu cha maziwa ya mgando, kwa mguu, na jua lile, na presha ile. Ameketi kwenye kiti cha Anisia bila kujua. Sikumwondoa.

Akaniambia jambo. Siku zote hizo alipokuwa akiulizwa habari za ng'ombe, mwishoni Anisia aliuliza habari zangu. Kama nakula. Kama nimekonda. Kama shati la buluu bahari bado limechanika kwapani. Kila mara, Jumanne na Ijumaa. Yeye alimjibu kwamba naonekana mnyonge lakini mnyoofu, nimesimama pale dirishani. Hakuwahi kuniambia kwa sababu alidhani nayajua. Alidhani ndiyo maana nasimama dirishani.

Nimemshika mkono yule mzee. Sauti ya Anisia niliyoililia ilikuwa inaniulizia mimi, upande wa pili wa ukuta, na mimi nilikuwa nimenuna.

Nimeapa mbele ya picha ya harusi. Buluu mpaka Desemba.

Jumanne, 21 Septemba

Kijani. Sista amesema njia ni nzuri. Nikachukua kofia yangu niondoke, maana wa kijani hana kazi na simu. Akaniita. Akasema kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari lazima kiripotiwe kila mara, rangi iwe yoyote, na mgonjwa aulizwe mwenyewe. Agizo la daktari.

Nikaingia. Safari hii nilihakikisha Sista ameshika kitufe. Anisia akauliza upana wa kidonda. Nikasema kama punje ya hindi. Akauliza harufu, usaha, uvimbe. Nikajibu kweli tupu, mara ya kwanza tangu Aprili. Akauliza kama asali ipo. Nikasema imemwagwa. Kumbe Sista alikwisha mwandikia barua, ikaenda na lori la pamba, na kumweleza yote, pamoja na kitufe. Anisia akasema ningependa kuyasikia siku moja, yale uliyoyasema. Akasema pole na kidole, Baba Paskazia.

Dakika nne.

Ijumaa, 24 Septemba

Buluu! Ya kweli, ya halali, bila hila.

Kidole nacho kikaripotiwa. Anisia aliposikia rangi akasema kwa sauti ya kazi kabisa: moja. Sikuelewa. Akarudia: moja, Baba Paskazia, bado saba, nina likizo Desemba. Nilimshukuru kila mtakatifu ninayemjua na wawili nisiowajua.

Dakika tano, na zote tamu. Buluu ni yake, dakika ni zangu. Mpango huu ungekuwepo tangu mwanzo tusingeumizana.

Jumatatu, 27 Septemba

Sista amefungua bendeji leo asubuhi. Ameshangilia. Nyama mpya, safi, waridi. Amesema kufikia kesho kidonda kitakuwa kimefunga, atakifuta kwenye orodha, nami nitarudi kuwa namba tu kama watu wenye afya. Amenipa viatu vipya vya misheni, vyenye soli laini, na kunisihi nisivivue hata nyumbani.

Nimemshukuru. Nimekaa barazani nikihesabu. Buluu saba zilizobaki ni wiki tatu na nusu. Halafu Oktoba iishe, Novemba yote, mpaka Desemba. Miezi miwili na zaidi ya neno moja: nimeandika. Na sitakula utamu, nimeapa, siwezi kumfanyia vile tena. Nimejifunza. Buluu haitaguswa.

Lakini kidole si sukari. Kidole hakiingii kwenye hesabu yake ya nane. Kidogo tu kikichelewa kufunga, wiki mbili hivi, nani ataumia?

Nimeweka viatu vya Sista ndani, juu ya kabati. Nimetembea pekupeku kupitia shamba la mkonge mpaka barabara ya Kahama, kwenye kokoto, na kurudi. Sijasikia maumivu yoyote. Kesho nitaongea naye.